Nafsi za Kiyama: Dhamira ya Mwisho wa Dunia katika Tungo Zinazoimbwa, kutoka Mrima wa Kimbiji hadi Muziki Mzito wa Nairobi

Ikisiri

Wachambuzi wa mashairi ya muziki mzito, hasa metali, wamezoea kuitazama dhamira ya mwisho wa dunia kama mali ya Ukristo wa Ulaya iliyofika Afrika pamoja na gitaa la umeme. Makala haya yanaipima dhana hiyo kwa historia ya Mrima, hususani pwani ya Uzaramo kuanzia Mbwamaji na Kimbiji hadi karibu na Rufiji. Yanafuatilia matini za vipindi vinne: tenzi za kiyama, ujumbe wa Kolelo wa mwaka 1905, Barua ya Makka ya mwaka 1908 pamoja na zikri zilizoambatana nayo, na muziki wa dansi na metali wa miaka ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba maana ya kiyama katika tungo hizi haiamuliwi na taswira za moto, gharika au mnyama. Inaamuliwa na nafsi inayosemeshwa: moyo wa mtunzi mwenyewe, umma wa waumini, au adui asiyehudhuria. Watawala, na mara nyingine watafiti, walipoichanganya nafsi moja na nyingine, walisoma toba kama uasi. Kosa hilo liliwagharimu watu uhuru wao.

1.0 Utangulizi

Kimbiji ni kijiji cha pwani kilichopo kusini mwa jiji la Dar es Salaam. Kilikuwa sehemu ya Temeke mpaka Kigamboni ilipofanywa wilaya inayojitegemea katika muongo wa pili wa karne hii. Leo jina lake linasikika zaidi katika habari za visima virefu na maji yaliyo chini ya ardhi. Kwa mwanahistoria wa fasihi, hata hivyo, umuhimu wa kijiji hiki unatokana na mahali kilipo. Kaskazini yake ipo Mbwamaji, mji wa kale wenye makaburi na magofu ya msikiti, ambao misafara ya kwenda bara ilianzia hapo kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Kusini yake ardhi inaelekea Rufiji, na magharibi njia za Uzaramo zinapanda kuelekea Uluguru. Pwani hii imepokea maneno kutoka pande mbili. Baharini yalikuja maandishi ya Kiarabu, tenzi za kaskazini na tarika za Kisufi. Barani yalikuja maneno ya mizimu na waganga wa mvua.

Pande zote mbili zilikuwa na habari ya mwisho wa dunia, na zote mbili ziliifikisha kwa sauti: kwa kughani, kwa kuimba, kwa ngoma na kwa pumzi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi ya muziki mzito kwa maana mbili. Ya kwanza ni ile iliyozoeleka, yaani metali na jamii zake, muziki ambao wengi huuhesabu kuanzia albamu ya kwanza ya kundi la Black Sabbath la Birmingham, Uingereza, iliyotoka mwaka 1970. Ya pili ni pana zaidi: uwasilishaji wowote ambao sauti ya mwanadamu inasukumwa kupita mpaka wa usemi wa kawaida ili kulibeba neno ambalo usemi wa kawaida hauwezi kulibeba. Kwa maana hii ya pili, uzito ulikuwapo Mrima kabla ya umeme.

Makala hayadai kwamba metali ya Afrika Mashariki imezaliwa na zikri au na tenzi. Nasaba ya namna hiyo haiwezi kuthibitishwa, na kuidai kungekuwa kuutumikisha ushahidi. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi lakini kina uzito wa kinadharia. Anayesoma mashairi ya kiyama ya leo bila kujua jinsi kiyama kilivyosemwa kwa Kiswahili hapo awali atakosea kujua ni nani anayeonywa. Nyenzo ya uchambuzi inatoka ndani ya lugha yenyewe. Neno nafsi katika Kiswahili lina maana mbili: roho au uwapo wa mtu, na kategoria ya kisarufi inayotofautisha mimi, wewe na yeye. Katika tungo za kiyama maana hizi mbili hukutana, kwa kuwa swali la nafsi ipi itakayohukumiwa ni lile lile la nafsi ipi inayosemeshwa.

2.0 Kiyama cha nafsi inayojisemesha: urithi wa tenzi

Neno kiyama linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama. Ni siku ambayo wafu watasimama mbele ya Mola wao. Pamoja nalo Kiswahili kilipokea msamiati kamili: ahera, hisabu, mizani, sirati, Dajali, Yajuju na Majuju, na baragumu la malaika Israfili. Knappert (1967) alionyesha jinsi msamiati huu ulivyo nguzo ya tenzi za Kiislamu, na jinsi watunzi walivyoueleza si kama elimu ya mbali bali kama habari ya safari ambayo kila msikilizaji ameshaianza.

Kazi iliyo maarufu kuliko zote katika mkondo huu ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa ama mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Wahakiki wengi wameisoma kama maombolezo ya mji ulioanguka: kasri zilizojaa popo, vyumba vilivyokuwa na taa za kioo ambavyo sasa vina utando wa buibui. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Magofu katika utungo huu ni ushahidi unaopelekwa mbele ya msikilizaji mmoja tu, ambaye ni moyo wa mtunzi. Mshairi hawashutumu watawala wa Pate wala hawatishi maadui wa Pate. Anauita moyo wake, anauuliza kwa nini haujazinduka, anauonyesha kaburi, kisha anautajia majina ya tabaka za jahanamu. Kiambishi cha nafsi ya pili umoja kinatawala, lakini rejeleo lake ni nafsi ya kwanza. Msemaji na msemeshwa ni mtu mmoja.

Huu ndio msingi wa kile ambacho makala haya yanakiita kiyama cha nafsi inayojisemesha. Dunia inakwisha, lakini kwanza inakwisha kwa mtu mmoja, siku ya kufa kwake. Msikilizaji anayeghaniwa utungo huu anakaribishwa kukaa katika nafasi ya ule moyo. Hakuna kundi la tatu lililotengwa ili liangamie badala yake.

Mkondo huu ulishuka kusini hadi Mrima. Utenzi wa Kiyama, ambao mmisionari Roland Allen aliuhariri na kuuchapisha akiwa Afrika Mashariki, unaisimulia Siku ya Hukumu kwa bahari ya utenzi yenye mizani nane katika kila kipande. Umbo hili lina athari katika maudhui. Vipande ni vifupi, kina cha kati hubadilika kila ubeti huku kina cha mwisho kikibaki kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho, na mghani anaweza kuendelea kwa saa nyingi bila kupumzika pakubwa. Hadhira inasikia mambo ya kutisha yakifuatana kwa mwendo usiobadilika. Utisho hautokani na kelele. Unatokana na kuendelea kwa mwendo huo, ambao kina cha mwisho kinaurudisha mahali pale pale kila mara kama hukumu isiyokwepeka.

3.0 Kiyama cha nafsi ya tatu: ujumbe wa Kolelo, 1905

Upande wa bara ulikuwa na habari tofauti. Kolelo ni jina la mzimu mkubwa wa milima ya Uluguru uliohusishwa na nyoka, mvua na rutuba ya mashamba, na Wazaramo waliuendea kwa sababu asili yao wenyewe inaunganishwa na milima hiyo. Kwa kawaida uhusiano huo ulihusu kilimo: mvua ikikosekana, wajumbe walipelekwa. Mwaka 1905 ujumbe ulibadilika.

Habari zilizobaki zinatokana hasa na maandishi ya Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyefanya kazi Uzaramo na kuchapisha uchunguzi wake kuhusu dini ya Wazaramo kuanzia mwaka 1910. Kwa muhtasari wake, ilitangazwa kwamba Kolelo amekataza kodi isilipwe tena kwa wageni, na kwamba katikati ya Julai gharika kubwa itakuja kuwaangamiza Wazungu na wanaowafuata. Baadaye ikasemwa kwamba ardhi itafunguka na kuwameza, kwamba bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi, kwamba simba saba watatokea kuwamaliza maadui, na kwamba watu wasiogope kwa kuwa Kolelo atawahifadhi watoto wake weusi. Katika mwezi huo huo wa Julai vita vya Maji Maji vilianza Nandete, Umatumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake ya dawa yalikuwa yameenea Rufiji yote, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Uzaramo nako kulipiganwa, na Jumbe Kibasila wa Kisangire alinyongwa. Jina lake limehifadhiwa katika shule ya sekondari iliyopo Temeke.

Iliffe (1967) ameeleza vizuri jinsi imani ya maji ilivyopokewa Uzaramo kwa sura ya Kolelo iliyokuwa imezoeleka tayari. Kwa mwanafasihi, jambo la kuzingatia ni sarufi ya ujumbe wenyewe. Hapa kuna sisi na wao. Gharika haimjii msikilizaji, inawajia wao. Msikilizaji haambiwi atubu, anaambiwa asiogope. Taswira zinafanana kwa kiasi kikubwa na zile za tenzi, kwa kuwa ardhi inayofunguka, maji yanayofunika na wanyama wa adhabu vinapatikana pande zote mbili, na wala si ajabu kama wasimulizi wa Uzaramo, waliokuwa wakiishi na Waislamu kwa vizazi, walizijua zote. Lakini nafsi imegeuka. Mwisho wa dunia umekuwa mwisho wa dunia ya mtu mwingine.

Tofauti hii ilikuwa na gharama. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa katika vita na njaa iliyofuata, na baadhi ya wanahistoria wamefikisha makadirio hadi 300,000. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji miaka michache baadaye, aliyaona mambo hayo kwa jicho la Mwislamu wa pwani ambaye hakuwa upande wa waganga. Utenzi wake, uliochapishwa na Lorenz mwaka 1933 na kutolewa tena pamoja na tafsiri ya Whiteley mwaka 1957, unaisimulia ahadi ya maji kama udanganyifu ulioleta maafa. Inawezekana kuusoma utenzi huo kama jaribio la kukirudisha kiyama mahali pake pa zamani: maangamizi yamekuja kweli, lakini yamewajia walioahidiwa kuokoka. Hata hivyo, utenzi umebaki na sauti za nyimbo za wapiganaji wa Uzaramo hazikubaki. Tunayo ahadi ya Kolelo kwa Kijerumani cha mmisionari. Maneno yalivyotamkwa kwa Kizaramo, na ngoma iliyopigwa yalipotamkwa, yamepotea.

4.0 Kosa la kusoma: Barua ya Makka na zikri, 1908

Miaka mitatu baada ya vita kuanza, katikati ya mwaka 1908, barua ilianza kuzunguka Lindi na baadaye katika miji mingine ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilihusishwa na Makka na kwa hiyo ikajulikana kwa jina hilo. Ilikuwa ya aina inayofahamika katika ulimwengu wa Kiislamu kama wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, aliyeota Mtume akimpa onyo kwa umma wake. Wasia wa aina hii una mpangilio unaojirudia. Waislamu wengi wamekufa bila imani, watu wameacha sala na zaka, dalili za mwisho zimekaribia, na kila anayeipata barua ainakili na kuipeleka kwingine. Snouck Hurgronje alikuwa ameshauchambua wasia huo kutoka visiwa vya Indonesia katika miaka ya 1880. Kwa maneno mengine, matini iliyofika Lindi haikuwa imetungwa kwa ajili ya Lindi.

Utawala haukuisoma hivyo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha jana tu, na kila neno kuhusu mwisho wa dunia lilisikika kama mwangwi wa Kolelo. Maofisa waliona njama, baadhi ya walimu wa Kiislamu walikamatwa, na uchunguzi ukamfikia Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara wa zamani wa Ziwa Tanganyika aliyekuwa akiishi Unguja. Mtaalamu wa Uislamu Carl Heinrich Becker aliichapisha na kuichambua barua hiyo mwaka 1911. Wanahistoria waliofuata, wakiwemo Martin (1969) na Nimtz (1980), wameliweka tukio katika muktadha wa kuenea kwa tarika ya Qadiriyya. Felicitas Becker (2008) ameonyesha jinsi watu wa vijiji vya kusini mashariki walivyoingia katika Uislamu kwa wingi katika kipindi hicho hicho cha baada ya vita.

Kwa mujibu wa nyenzo ya makala haya, kosa la utawala lilikuwa la nafsi. Barua inasema na ninyi, umma wa Muhammad. Kitisho chake kinawaelekea wasomaji wake wenyewe: aliyeacha sala, aliyezuia zaka, aliyeidharau barua. Katika mpangilio unaojulikana wa wasia huo hakuna Mjerumani anayeahidiwa gharika. Ni kweli kwamba msikilizaji angeweza kuigeuza, na kwa mtu aliyempoteza ndugu yake mwaka 1905 kusikia kwamba dunia ya dhuluma inakaribia kwisha kungeweza kuwa faraja ya kisiasa. Lakini ugeuzaji huo ni kazi ya hadhira. Haukuandikwa ndani ya matini. Utawala uliihukumu matini kwa taswira zake ukasahau kuuliza anayeambiwa ni nani.

Jambo la pili ambalo utawala ulilitilia shaka ni namna ujumbe ulivyoandamana na zikri. Qadiriyya ilienezwa Unguja na Mrima hasa kwa juhudi za Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefika Unguja katika miaka ya 1880 na kuuawa Somalia mwaka 1909. Bagamoyo ilipata kiongozi wake mkubwa katika Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka Manyema akawa khalifa mwenye wafuasi wengi hadi kufa kwake mwaka 1931. Zikri za tarika hii hufanywa kwa sauti. Wanaume husimama kwa safu au duara, huinama na kuinuka pamoja, na jina la Mungu linalotajwa mwanzoni kwa ukamilifu hupunguzwa hatua kwa hatua hadi kubaki pumzi inayotolewa kwa nguvu kifuani na kooni. Unguja zinajulikana namna zake kwa majina kama kirama, kigumi na hochi.

Kwa sikio la afisa wa Kijerumani hiyo ilikuwa kelele ya maandalizi ya vita. Kwa mshiriki ilikuwa kinyume chake. Neno linapopotea katika pumzi, nafsi zote za kisarufi hupotea nalo: hakuna mimi, wewe wala wao anayeweza kutajwa na koo linalotoa pumzi tupu. Ikiwa utenzi unamwonya mtu kwamba atasimama peke yake siku ya hisabu, zikri inamzoeza kuiacha nafsi yake kabla ya siku hiyo. Uzito wa sauti hapa ni njia ya unyenyekevu. Hakuna matini iliyoandikwa ambayo ingeweza kumfundisha afisa jambo hilo, kwa sababu matini ya zikri kwenye karatasi ni maneno machache tu.

5.0 Kifo jukwaani: dansi la mjini

Baada ya uhuru, jiji la Dar es Salaam lilipanuka kuelekea vijiji vya zamani vya Kinondoni na Temeke, na dhamira ya kufa ikapanda jukwaa la dansi. Mfano wa wazi ni Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy na baadaye kuongoza Super Matimila. Mtaa wa Sinza aliokuwa akiishi, wakati huo ukiwa Kinondoni, hadi leo una eneo linaloitwa kwa jina lake. Wimbo wake Kifo ulipigwa kwa magitaa yenye furaha na watu waliucheza. Kifo katika wimbo huo kinasemeshwa ana kwa ana kama mtu, na swali analoulizwa ni kwa nini hachagui.

Hapa nafsi imegeuka tena. Sayyid Abdalla alisema na moyo wake kuhusu kifo, Ongala alisema na kifo chenyewe kwa niaba ya wanyonge. Mwanadamu amekuwa mlalamikaji, na kifo ndicho kilichopandishwa kizimbani. Hata hivyo usawa wa kale haukuondoka: tajiri na maskini, wote wanaondoka. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, Ongala aliokoka akaimba nyimbo za Injili. Wengi waliliona hilo kama kuiacha njia yake. Kwa mtazamo wa makala haya mabadiliko hayo ni madogo kuliko yanavyoonekana, kwa sababu mahubiri yalikuwamo katika dansi lake tangu mwanzo.

6.0 Pembe na baragumu: metali ya Afrika Mashariki

Mwaka 2020 kundi la Duma la Nairobi, lenye wasanii wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, lilitoa albamu yenye jina la kundi hilo kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ile ile iliyokuwa imeutangaza ulimwenguni muziki wa singeli wa uswahilini Dar es Salaam kwa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Singeli na metali ya Duma hazifanani kwa asili wala kwa hadhira, lakini zinakutana katika kasi inayopita kiasi na katika sauti ya binadamu inayolazimika kuikimbiza mashine.

Wimbo mmoja wa Duma unaitwa Pembe 666. Nambari hiyo inatoka Ufunuo wa Yohana 13:18, na sura hiyo hiyo inaanza kwa mnyama mwenye pembe kumi na vichwa saba. Msomaji wa haraka ataridhika hapo: hii ni metali ya kawaida, na shetani wake ni wa kawaida. Lakini neno la kwanza ni la Kiswahili, na katika Kiswahili pembe si kiungo cha mnyama tu. Pembe ni ala ya kupuliza. Siwa za enzi za Lamu na Pate, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zilikuwa alama za utawala, na pembe za kawaida zilipigwa katika sherehe za pwani yote. Pembe pia ni chombo cha mganga cha kuwekea dawa. Na kwa Mwislamu aliyesoma, ala atakayoipuliza Israfili siku ya mwisho, inayotajwa katika Kurani 39:68, imefasiriwa katika hadithi kuwa ni pembe. Wakristo nao wanayo baragumu saba ya Ufunuo na parapanda ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike. Jina la wimbo kwa hiyo linaweka nambari ya Patmo juu ya neno ambalo tayari limebeba enzi, uganga na kiyama. Si lazima kudai kwamba wasanii walikusudia yote hayo. Lugha ilikuwa imeshayakusanya.

Swali la nafsi ni gumu zaidi hapa. Sauti ya Khanja ni ukelele unaotoka kooni, na maneno mengi hayasikiki hata kwa msikilizaji makini. Mhakiki anayetaka matini iliyoandikwa atabaki mikono mitupu, kama alivyobaki afisa wa Lindi mbele ya zikri. Ulinganisho huu hauna maana kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Zikri ina silisila ya masheikh, adabu na lengo linalojulikana, metali haina. Lakini katika yote mawili neno husukumwa mpaka libaki pumzi, na anayesikiliza hupokea uzito kabla ya kupokea maana. Katika hali hiyo hakuna nafsi ya tatu inayotishwa. Mwili unaotikiswa ni wa anayeimba na wa anayesikiliza.

Hilo halijazuia watu kusikia kitisho. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake iliwekwa wazi kwa umma mwaka 1999. Katika mazingira hayo wapenzi wa roki na metali wa Nairobi walizoea kuitwa waabudu shetani, na wasanii wamelisimulia hilo mara nyingi. Tofauti na mwaka 1908 ni kubwa, lakini kanuni ya usomaji ni ile ile: taswira za mwisho na za giza zinachukuliwa kuwa tangazo la nia, bila kuulizwa zinasemwa kwa nani. Ni jambo la kuzingatia kwamba Khanja, kwa jina lake la kisanii Lord Spikeheart, ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau, na kwamba albamu yake The Adept ya mwaka 2024 inaikumbuka historia hiyo. Gharika ya nafsi ya tatu, ile iliyoahidiwa na Kolelo dhidi ya utawala wa kigeni, haiko mbali na kumbukumbu ya namna hiyo. Inawezekana kuwa imerudi, na kwa hiyo mhakiki hana budi kutofautisha mahali ambapo ukelele ni hasira dhidi ya mwingine na mahali ambapo ni mtu kujililia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia kiyama katika tungo zinazoimbwa kwa kuuliza swali moja: nani anaambiwa? Al-Inkishafi na tenzi za mkondo wake zinasema na nafsi ya mtunzi na kupitia kwake na kila msikilizaji. Ujumbe wa Kolelo ulisema kuhusu wao. Barua ya Makka ilisema na ninyi, ikasomwa na watawala kana kwamba inasema kuhusu wao. Dansi la Ongala lilisema na kifo. Metali ya Duma inaliacha swali wazi kwa kulizamisha neno katika pumzi. Taswira zimekuwa karibu zile zile kwa zaidi ya karne mbili. Kilichobadilika ni nafsi, na pamoja nayo matokeo katika maisha ya watu.

Matokeo mawili ya kitaaluma yanafuata. Kwanza, dhana kwamba dhamira ya kiyama katika muziki mzito wa Afrika Mashariki ni ya kuazima haina budi kuachwa katika umbo lake la sasa. Gitaa limeazimwa, nambari 666 imeazimwa, lakini pembe, pumzi na onyo vilikuwapo. Pili, mkusanyo wa maneno matupu hautoshi. Wimbo wa Uzaramo wa mwaka 1905 umetufikia kama muhtasari wa Kijerumani, na hakuna anayeweza kurudisha sauti yake. Zikri za Mrima, ngoma za Wazaramo wa Kimbiji na Mbwamaji, na maonyesho ya metali ya Nairobi bado yanaweza kurekodiwa pamoja na sauti, mwendo na hadhira yake. Yakihifadhiwa kama karatasi za maneno peke yake, mtafiti wa karne ijayo atajikuta mahali alipokuwa afisa wa Lindi mwaka 1908: anazo taswira zote za mwisho wa dunia mezani, na hajui zilisemwa kwa nani.